Mzee karuhusiwa hospitali, ana kitochi tu. Tumfuatilieje kwa simu?

binti_wa_muheza
Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 71, karuhusiwa juzi baada ya kulazwa siku tisa, walisema moyo umepanuka na maji yamejaa kwenye mapafu. Karudi Muheza kwa mama, mimi niko Dar, Jumatatu naingia kazini. Tumepewa mfuko wa dawa aina tano na karatasi yenye ule mwandiko wa daktari mnaoujua, halafu wakati tunatoka kijana mmoja akaniambia nipakue apu, itamkumbusha dawa na awe anaingiza presha yake humo kila siku. Nimeipakua kwenye simu yangu, Kiingereza kitupu na bila bando haifunguki. Mzee ana kitochi, simu janja alipewa na kaka akairudisha eti inapigia watu yenyewe 😅 Kuna aliyewahi kumfuatilia mgonjwa wa mbali kwa simu? Mlitumia nini? Naogopa wiki mbili mbele tusijikute wodini tena.

nesi_zamu_ya_usiku
Pole dada, na hongereni mzee kutoka. Kwa mgonjwa wa moyo wa hivo kifaa cha kwanza wala sio apu, ni mzani ule wa bafuni. Apime kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi zilezile, mama aandike kwenye daftari. Ukiona kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku mbili tatu huyo hajanenepa, ni maji yanarudi, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo msisubiri tarehe aliyopangiwa. Muulize pia analala na mito mingapi, mtu aliyekuwa na mto mmoja akianza kutaka mitatu ndo apumue, kuna shida. Akibanwa pumzi hata amekaa, hapo sio mambo ya meseji, mpelekeni hospitali. Nyie mkubaliane meseji moja ya kawaida kila asubuhi: kilo, presha, miguu imevimba au haijavimba. Kitochi kinatosha kabisa. Na ng'onda aachane naye, ile chumvi yote inavuta maji.

mkwe_mvumilivu
Ngoja nikupe yaliyotukuta sisi na apu. Mama mkwe alitoka hospitali na presha, mume wangu akamwekea ya kukumbusha dawa, tukajisifu kweli. Wiki nzima presha haishuki. Kwenda kuangalia, simu inalia saa mbili asubuhi, kwenye kioo imeandika 8:00, mama anaona nane, anasema "imewahi hii", anazima, anakunywa saa nane mchana!! Na ile ya 20:00 alikuwa anaiacha tu maana saa ishirini haijui. Mtu mwenyewe hana kosa lolote, sisi ndo tuliomwekea saa ya kizungu. Tulifuta, nikawa nampigia mwenyewe, na vidonge tukavitenga kwenye vikopo viwili, cha asubuhi kina kitambaa cheupe, cha usiku cheusi.

mbeba_boksi_Leicester
Huku Uingereza mgonjwa anaweza kurudishwa kwake akiwa bado anahesabika yuko "wodini", anapewa mashine ya presha na kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, enzi za korona 2020 ndo vilisambaa sana. Ila wabongo tunaona vifaa tu, hatuoni kwamba upande wa pili kuna nesi amekaa anazisoma zile namba na zikiharibika anapiga yeye. Sasa hiyo apu uliyopewa, namba zinasomwa na nani? Uliza hilo kabla hujanunua bando.

binti_wa_muheza
Daah @mbeba_boksi umenishtua, nimewapigia leo. Dada aliyepokea kasema zinabaki kwenye simu yangu mwenyewe. Yani nilikuwa najitumia mwenyewe.

nesi_zamu_ya_usiku
Ndo hivo. Omba namba ya simu ya kliniki yake, na uulize saa ngapi wanapokea. Ile namba 199 ya wizara ya afya ni bure na ushauri watakupa, ila faili la mzee hawana mezani. Halafu lile karatasi usilirushe kwenye grupu la ukoo, majibu ya vipimo vyake yote yako humo na sijui mko wangapi.

binti_wa_muheza
Tupo 84 😭 nishalirusha, nafuta sasa hivi.

(Siku 6 baadae)
Mrejesho wakuu. Mzani tumenunua, namba ya kliniki ninayo, wanapokea mpaka saa tisa. Mama anatuma kila asubuhi, ya leo imekuja hivi: "63 na nusu. presha 118 chini 74. miguu mizuri. baba yako anasema mzani mbovu anataka kupima mfuko wa saruji ahakikishe"