Tupeane uzoefu: daftari lako la kwanza la hadithi liliishia wapi?

Bibi Kaunta Buku (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu wa kusini na kwingineko.

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Mtwara mjini usiku mzima. Nikamalizia kwa tochi ya simu kitabu nilichoazimwa kazini, Little Women cha Louisa May Alcott, mwandishi wa Marekani, kilichotoka 1868. Kiingereza chake cha kizamani kilinitoa jasho, lakini nilishanasa. Kuna binti anaitwa Jo, wa pili kati ya dada wanne, anataka uandishi kufa na kupona. Siku moja anatoka na dada yake mkubwa kwenda kutazama mchezo wa jukwaani. Mdogo wao, Amy, anang'ang'ania kufuata, Jo anamkatalia, tena kwa maneno ya kuudhi. Baadaye Jo anatafuta daftari lake, halipo. Amy kalitia motoni. Zilikuwa ngano kama sita, kazi ya miaka, na kilichoniuma zaidi ni kwamba Jo alikuwa ametoka kuzinakili kwa mwandiko mzuri, na zile za zamani kaziharibu mwenyewe.

Hapo nikazima tochi kwanza. Amy wangu ninaye.

Newala, mwaka 2005, niko darasa la sita. Binamu aliniachia kaunta buku lenye kurasa nyingi tupu kwa nyuma. Nikaanza hadithi ya binti anayeshuka bondeni kuteka maji (wa Newala wenzangu mnaujua mteremko ule na ndoo kichwani), anafika kisimani, kisima kinamwita kwa jina. Jumamosi moja mdogo wangu wa darasa la pili akataka twende wote banda la video. Kiingilio shilingi mia, nami nina mia moja tu. Ningemwambia hivyo angeelewa. Nikamwambia ananuka mkojo.

Narudi jioni nakuta watoto wamejaa uwanjani wanatazama juu. Tiara. Chelewa mbili, mkia wa kipande cha kanga ya mama, na mwili ni ukurasa wangu, umebandikwa kwa uji wa muhogo. Kila ilipoinama niliuona mwandiko wangu wa bluu. Nilimpiga. Mama akanipiga mimi.

Haya, leteni yenu. Sitaki hotuba, nataka kujua daftari liliishia wapi.

Kijana wa Nachingwea

Langu lililiwa na mchwa. Walianza na jalada, wakaacha neno MWISHO peke yake. Napita.

Mzee wa Stendi

Uzi umenikuta pabaya. Mama yangu alikuwa anauza korosho za kukaanga pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi na Masasi. Basi likisimama tunakimbilia madirishani. Korosho tulizifunga kwa karatasi, unazungusha inakuwa kama pembe, chini unakunja. Karatasi zikiisha mama hachagui. Kaona daftari limeandikwa mpaka mwisho, kwake hilo limeshamaliza kazi yake duniani.

Nimerudi shule nakuta nusu ya riwaya yangu imeshapanda mabasi. Nyingine imekwenda Masasi, nyingine Dar. Sikulia, maana ada yangu ilitoka kwenye korosho hizo hizo.

Sasa sikilizeni. Kesho yake mwalimu wetu wa Kiswahili ananiita ofisini. Mezani kuna karatasi ina madoa ya mafuta na chumvi. Alinunua korosho za mama, akala, akasoma. Kaisahihisha kwa wino mwekundu toka juu mpaka chini: herufi kubwa hamna, nukta hamna, na r na l nimezichanganya mara 11 (kwetu kura na kula ni mtu na pacha wake). Hakusema nzuri wala mbaya. Kasema, "Leta ukurasa unaofuata." Nikamwambia umeondoka na basi la saa nne. Akafungua droo akanipa daftari jipya.

Sikuwa mwandishi. Nina duka la vipuri Mtwara. Ila risiti zangu hazina kosa la r na l.

Itaendelea 18

Mwenye uzi, mbona umeishia kwenye moto wa kwanza? Kitabu hicho nimekisoma, kina mioto miwili. Wa pili Jo anauwasha mwenyewe. Anahamia New York, anapata gazeti linalolipa kwa hadithi za kusisimua, mauaji, damu, sijui nini. Hela inaingia, nyumbani hasemi anaandika nini. Yuko profesa Mjerumani anaishi nyumba hiyo hiyo, Bhaer, siku moja anaongelea ubaya wa hadithi za namna hiyo. Jo anapanda chumbani, anazirudia zake moja moja, halafu anasokomeza furushi zima kwenye jiko mpaka bomba la moshi nusura liwake.

Mimi ni huyo Jo wa jiko.

Mwaka 2016 nilikuwa Masasi, sina kazi, nina simu moja ya kioo kilichopasuka. Nikafungua kundi la WhatsApp, naandika chombezo. Mnazijua, msijifanye. Sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, mambo yakichanganya naweka ITAENDELEA, anayetaka yote anatuma buku (shilingi elfu) kwa simu. Msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa, kwa siku niliweza kupata watu 20. Nikanunua kitanda. Nikamalizia mahari. Jina la uandishi lilikuwa la kike na hakuna aliyenijua.

Siku moja imeingia namba mpya, imelipia buku, imeandika: "Nimeipenda sana dada, endelea kutuelimisha." Namba nikaiona kama naijua. Nikaitafuta kwenye simu ya mke wangu. Mama mkwe.

Wakuu, nilikaa chini ya mwembe simu mkononi kama nusu saa. Nikavunja kundi, nikafuta kila kitu, sehemu 43. Hakuna moshi hakuna majivu, unabonyeza tu. Mpaka leo akinipa mkono wa salamu siwezi kumtazama usoni, na yeye anadhani mkwe wake ana adabu sana.

Lakini niseme ukweli kidogo. Kwenye zile 43 kulikuwa na kipande cha mzee anayepalilia mikorosho usiku kwa sababu mchana anaona aibu, shamba ameshaliweka rehani. Hakikuwa na mapenzi ndani. Wasomaji walikilalamikia, wakasema nimewapotezea bando. Hicho ndicho ninachokililia. Hizo 42 ziende.

Kijana wa Nachingwea

Nimerudi kwa ajili ya mama mkwe. Alirudishiwa buku yake?

Itaendelea 18

Ningemrudishia kwa jina gani mkuu?

Mwalimu Mstaafu Lindi

Wanangu, hamjambo. Nitasema kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Mwaka 1998 nilimaliza muswada wa riwaya, kurasa 210, kwa mashine ya chapa ya shule, nikichapa usiku. Karatasi ya kaboni ilikuwa ghali, nikasema nakala moja inatosha. Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kuupeleka kwa mchapishaji. Vijana wa leo mnalala Lindi mnaamka Dar. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla yake Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikinyesha basi linaweza kukwama hata kabla ya kuuona mto. Sisi tulikwama Somanga siku mbili. Nililala kwenye kiti nimekumbatia bahasha, nimeivika mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho, uliooshwa. Abiria wakadhani nimebeba pesa.

Muswada ulifika mkavu. Nikaukabidhi kwa mkono wangu. Miezi minane kimya, nikaandika barua. Jibu likaja mistari miwili: hawana kumbukumbu ya kuupokea.

Kwa hiyo Jo aliyeharibu rasimu za zamani namwelewa sana. Huo si uzembe. Mtu akishaandika vizuri huona ya zamani kama matambara, hataki yaonekane.

Nilijaribu kuurudia kwa kichwa. Nikapata sura tatu, na zilikuwa za mtu mwingine. Mhusika niliyemuua kwenye muswada, safari hii alikataa kufa. Nikaacha.

Ila si kila ndugu ni mchomaji. Shaaban Robert alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Yule bwana akazitunza barua zile, za kuanzia 1931 hadi 1958, na leo ni kitabu, tunasoma humo shida zake za fedha, vitabu vyake na wachapishaji wake. Nikizisoma huwa namfikiria zaidi Yusuf na sanduku lake.

Bibi Kaunta Buku (mwenye uzi)

Shikamoo mwalimu. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Zile sura tatu zipo?

Mwalimu Mstaafu Lindi

Marahaba mwanangu. Zipo. Mke wangu amezitandika chini ya vikombe kabatini. Ananiambia nikitaka kuzisoma nioshe vyombo kwanza.

Binti Mikindani

Mmecheka, mimi langu halichekeshi sana.

Nilipotoka unyagoni nilikuwa na daftari dogo. Nilikuwa napenda maneno, na kule ndani nilisikia maneno ambayo sijawahi kuyasikia popote, nyimbo ambazo neno moja lina tumbo mbili. Nikaogopa nitazisahau. Kila siku nilipopata upenyo niliandika, kwa penseli, mistari midogo.

Nyakanga, kungwi wetu mkuu, akaliona. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliliweka jikoni, kwenye moto uleule uliochemshia maji yangu ya kuoga, akaniambia nikae mpaka liishe. Halafu akasema: "Ukiandika, atasoma ambaye hajakaa ndani."

Nilimchukia miaka mingi. Nikaenda chuo, nikasoma fasihi simulizi, nikaona maprofesa wanasifiwa kwa kukusanya mambo ya namna hiyo, nikamchukia zaidi. Alifariki mwaka juzi. Msibani kina mama wakaimba wimbo mmojawapo. Mimi niliyetaka kuuandika nisiusahau nikaukuta mdomoni, wote, mpaka kiitikio. Msichana wa mjini pembeni yangu akaniuliza maana yake. Nikamwambia sijui.

Kwa hiyo mpaka leo sijaamua kama alinionea. Na hapa siandiki hata mstari mmoja.

Mzee wa Stendi

Dada hapo nimekaa kimya.

Bibi Kaunta Buku (mwenye uzi)

Wakuu, jana nimemtumia mdogo wangu uzi huu. Yuko Tandahimba, ana mikorosho yake, ndiyo msimu wa kupuliza dawa, ananijibu kwa sauti huku mashine inanguruma nyuma. Anasema kwanza hakuwa ananuka mkojo. Pili, ile tiara ilimsumbua kupaa kwa sababu nilikuwa nakandamiza kalamu, karatasi ina matundu. Tatu, nalalamika nini, alichana kurasa za mwisho tu, za mwanzo alizirudisha chini ya godoro langu.

Nikamuuliza kwa nini za mwisho. Anasema alizisoma zote kwanza. Za mwanzo zilikuwa nzuri.

Kijana wa Nachingwea

Huyo dogo ni mhariri. Mpe namba ya mwalimu.