Barolo au Amarone: ipi ifunguliwe na nyama ipi?

MekoniTu: Nina chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Italia, Barolo ya 2019 na Amarone della Valpolicella ya 2018. Mezani kuna mbavu za mbuzi za kuchoma, ng'ombe wa mchuzi mzito, na jibini mwishoni. Ipi iende wapi, na zifunguliwe saa ngapi?

KiziboKirefu: Zote zina nguvu, ila nguvu zao hazifanani. Barolo ni zabibu ya Nebbiolo peke yake, kutoka mkoa wa Piemonte. Rangi yake imepauka hadi mtu anaidharau, kisha ukakasi unamkamata fizi. Kisheria hukaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Amarone inatoka upande wa mji wa Verona, na zabibu zake (hasa Corvina, Corvinone na Rondinella) huanikwa ghalani kwa miezi mitatu hadi minne, mpaka zipoteze kama theluthi ya uzito. Sukari inakolea, kilevi kinapanda: sheria inataka angalau 14%, lakini chupa nyingi zina 15 hadi 16.

Onja kabla chakula hakijaletwa. Ukakasi utausikia kwenye fizi na mashavu, uchachu kwenye mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi, kilevi kwenye joto la kooni. Barolo itashinda kwa mawili ya kwanza, Amarone kwa la tatu.

BintiSinia: Mbuzi apewe Barolo. Tanini, yaani kinacholeta ukakasi huo, hushika protini za mate, ndiyo maana kinywa kinakauka. Ukitafuna nyama yenye mafuta na chumvi, tanini inapata kitu kingine cha kushika na mvinyo unalainika. Ndimu juu ya nyama si tatizo, kwa sababu Barolo ina uchachu wake. Tatizo ni pilipili. Weka pembeni kabisa, maana pilipili na kilevi cha 15% vikikutana ni moto juu ya moto, na ladha ya tunda inapotea.

Chungu_Cheusi: Kwa mchuzi, angalia kilichomo sufuriani kabla hujachagua. Nyanya nyingi: Barolo. Vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, mdalasini, karafuu: Amarone, kwa kuwa nayo ina harufu ya zabibu kavu, cheri zilizoiva mno na kakao. Hata pilau ya nyama inaikubali, mradi kachumbari isijae siki.

KiziboKirefu: Hapo kwenye pilau sikubaliani sana. Wali hauna mafuta ya kutosha kuubeba mvinyo mzito hivyo, labda pilau iwe ya nyama yenye mafuta hasa.

Chungu_Cheusi: Ndiyo maana nimesema ya nyama! Watu wa Verona wenyewe wanapika wali kwa Amarone, risotto, na siagi na jibini ndizo zinazoubeba. Ila usimwage chupa ya bei kali sufuriani. Valpolicella ya kawaida, mvinyo mwepesi wa eneo hilo hilo, inatosha.

BintiSinia: Jibini: Parmigiano-Reggiano ya miezi 24 na kuendelea, au Gorgonzola kali, zote kwa Amarone. Jibini laini na changa zitafanya mvinyo uonekane mchungu.

Ndoo_ya_Barafu: Hakuna aliyegusa joto, na ndipo wengi wanapoharibu. "Joto la chumba" linalotajwa vitabuni si la sebule ya Dar au Mombasa. Lenga nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30 inahitaji zaidi ya saa moja ya friji, au dakika 10 hadi 15 kwenye ndoo ya maji na barafu. Ikizidi 20, pua inapigwa na kilevi tu. Ikishuka hadi 12, ukakasi unakuwa mkali.

Barolo ya 2019 bado changa: imimine kwenye jagi pana saa mbili au tatu kabla ya kula. Amarone saa moja inatosha. Ingekuwa Barolo ya miaka 20, ungeisimamisha siku nzima mashapo yatulie, uimimine polepole na kuinywa papo hapo.

MekoniTu: Na mpangilio?

KiziboKirefu: Barolo kwanza. Ukianza na Amarone, Barolo itaonekana nyembamba na chachu.

MekoniTu: Sawa. Mchuzi ni wa vitunguu na karafuu, kwa hiyo mbuzi na Barolo, kisha Amarone hadi jibini. Ikibaki?

Ndoo_ya_Barafu: Kizibo, friji, siku tatu. Itoe nusu saa kabla ya kunywa.