Tupeane uzoefu: mimea hai kwenye tangi la samaki kwa pesa kidogo, hapa Mombasa

Wa Kisauni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naona wengi wanafuga samaki lakini wanaweka mimea ya plastiki, wakidhani iliyo hai ni ya wenye pesa. Tangi langu halina mtambo wa kutia gesi ya kaboni dioksidi wala mbolea ya dukani, na mimea imeshona mpaka naipunguza kwa mkasi. Chini nimetandaza udongo wa kawaida usiotiwa samadi, nikauchekecha kuondoa mizizi na vijiti, kisha juu nikaufunika kwa mchanga wa mto, unene wa vidole viwili. Mchanga ndio unaozuia udongo usitibue maji. Taa ni balbu ya LED ya nyumbani, nyeupe, iliyoandikwa 6500K, yaani mwanga wake wafanana na wa mchana. Mbolea wanatoa samaki wenyewe. Nanyi mwafanyaje?

Fundi wa Tudor
Kaka, hapo kwa mchanga sisitiza sana. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na mchanga wa ufuoni umejaa vipande vyake na makombe yaliyosagika. Ukiutia tangini, chokaa inayeyuka pole pole, maji yanakuwa magumu na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inapanda. Kabla ya kununua, weka mchanga kidogo kwenye kijiko, udondoshee siki. Sogeza sikio: ukisikia unachachatika na kuona vipovu, una chokaa, uache. Hata mawe ya mapambo yapimeni hivyo. Mchanga wa mto wa mafundi wa ujenzi unatosha, mradi uoshwe mpaka maji yatoke meupe.

Wa Likoni
Kwetu maji ya mfereji ni ya kubahatisha, twategemea kisima. Mmea ulionikubali ni valisneria, maana haisumbuki na maji magumu. Hutambaza kamba kwenye mchanga, na kila kamba inazaa mche mpya, kwa hivyo ukinunua mche mmoja hununui tena. Masika nakinga maji ya mvua kwenye bati, lakini mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi la paa. Nayachanganya na ya kisima, chumvi inapungua. Wenye mfereji, yalazeni maji kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

Mama wa Majengo
Mwanangu aligawiwa kipande cha mmea wa anubia na mwenzake. Asili yake ni Afrika Magharibi na yapenda kivuli, basi sebule yetu yenye giza inaifaa. Lile shina nene linalolala lisifukiwe, litaoza. Tumelifunga kwa uzi wa cherehani juu ya jiwe, na mizizi sasa imelishika jiwe lenyewe. Jani jipya hutoka limejikunja, kijani cha kung'aa, likifunguka taratibu sana. Mtoto huenda kulitazama kabla ya chuo.
Wanangu, na ile miti ya mikungu ya mitaani je? Nasikia majani yake yafaa tangini.

Fundi wa Tudor
Yafaa, mama. Okota lililodondoka lenyewe na kukauka, mbali na moshi wa magari, lisuuze. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi, samaki wanayapenda. Usizidishe tu, maana rangi hiyo inapunguza mwanga kwa mimea.

Wa Kisauni
Shukrani nyote. Kuhusu mwani wa kijani, hasa kaskazi joto linapozidi: msiwashe taa kutwa. Muda wa saa sita hadi nane kwa siku watosha, na tangi lisikae dirishani. Mimi naongeza seratofilumu. Haina mizizi, inaelea tu, na inakula uchafu haraka kuliko mwani.
Mimea ya ziada msiitupe mtaroni wala mtoni. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa uzuri wa maua yake, na leo wavuvi wa Ziwa Victoria mashua zao zinakwama ndani yake. Ianikeni juani ikauke kabisa, au mgawieni mwenzenu. Ninayo ya kugawa jioni ya Jumapili, anayetaka aje na chupa ya maji, asiibebe kwenye mfuko mkavu.