Vifaa vya mazingaombwe vinafika Mtwara vimeharibika: kipi kinaokoleka?

Shangani_Mtwara:
Habari wakuu. Mzigo umetoka nje ya nchi, ukapita Dar, ukaja huku kwa basi. Kioo cha sanduku la kutokeza vitu kimepasuka, pete za chuma za kuunganisha zimechubuka na moja imepinda, pakiti mbili za karata zimejikunja. Boksi la nje halijabonyea popote. Ndani kulikuwa na magazeti machache. Muuzaji anasema ni kosa la basi. Nifanyeje?

Mzigo_Salama:
Hilo boksi zima ndilo ushahidi wako mkuu, usilitupe. Mzigo ukiangushwa, au gunia la korosho likikaa juu yake, kona za boksi ndizo hubonyea kwanza. Kona nzima, kioo vipande: hapo kosa ni la ufungashaji. Gazeti lililokunjwa linaonekana limejaa siku ya kufunga, lakini mtikisiko wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar unalilaza, nafasi inabaki, vitu vinaanza kugongana. Mtumie picha za pande zote sita, lebo, na hayo magazeti yalivyolala. Siku nyingine washa video kabla ya kukata selotepu, tena uikatie palepale kwa wakala, kabla hujasaini.

Fundi_Mikindani:
Kioo kinabadilishwa mjini, ila pima sanduku kwa ndani, usipime vipande. Sanduku la mraba la sentimita 15, ulalo wake, ambako kioo hukaa, ni 21.2, na unene wa kioo nao unakula nafasi, kwa hiyo mwambie fundi vioo akate 20.8 kwa 14.8, unene milimita 3. Kama sanduku lilitengenezewa kioo chembamba zaidi, fuata mfereji wake. Kingo azisage kisha uzipake rangi ya ndani ya sanduku. Kingo inayomeremeta taa ikiwaka, mtazamaji wa mstari wa mbele anaiona mara moja.

Pete usizigonge nyundo. Kromu ikipasuka, chumvi ya hewa ya bahari inaingia na kutu inaanza chini yake. Zilizochubuka zifute kwa kitambaa chenye oili ya cherehani. Iliyopinda, kama ndiyo ile pete maalumu (siri yake siiweki hapa), dai nyingine. Ikilazimishwa haitarudi sawasawa.

Karata_Lindi:
Karata hujikunja kwa sababu upande mmoja umenyonya unyevu kuliko mwingine. Jua na pasi ni marufuku. Ziweke katikati ya mbao mbili bapa, uzito wa kilo 5 juu, siku mbili, ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Yenye alama ya kukunjika hiyo imekufa, hadhira itaitambua hata ikiwa imefunikwa.

Shangani_Mtwara:
Asanteni sana. Sasa muuzaji anatuma kioo na pete upya. Nimwambie afunge vipi?

Mzigo_Salama:
Maboksi mawili, moja ndani ya lingine, sponji sentimita 5 kila upande. Kioo kisimame wima, kisilazwe, na kibanwe kati ya vipande viwili vya mbao laini. Kila pete ivikwe kitambaa chake. Akimaliza alitikise: likitoa sauti, afungue aanze upya. Maandishi ya "Tahadhari, kioo" aandike, lakini asiyategemee. Buti ya basi ikijaa hakuna anayesoma.