Niliuziwa laptopu Kisumu ikiwa na mfumo wa Ubuntu ulioacha kuhudumiwa tangu 2022, sasa brauza haisasishiki

Wadau, nimekaa na hili jambo wiki nzima nikitafuta namna ya kulisema kwa upole, nimeshindwa. Acha niliseme lilivyo.

Nina kibanda cha huduma za kompyuta hapa Luanda, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Nachapa barua, naprinti, nawajazia watu returns za kodi za KRA na maombi ya mikopo ya masomo ya HELB. Mashine yangu ya zamani ilikufa mwezi wa tano. Nikapanda matatu hadi Kisumu, nikaingia duka moja linalouza laptopu za mtumba, zile zinazoletwa kutoka Uingereza, nikalipa shilingi 18,500 kwa M-Pesa. Niliuliza swali moja tu: "Hii iko na Windows?" Kijana akanijibu, "Iko na kitu bora kuliko Windows, madam. Haishiki virusi." Akafungua Firefox, ile brauza ya kuingilia mtandaoni, akanionyesha video inacheza, akaifunga, akanitilia kwenye mfuko. Hakunitajia jina la mfumo. Hakuniambia kwamba mambo yake huendeshwa tofauti na nilivyozoea, wala kwamba toleo aliloniwekea lilishaachwa na waliolitengeneza miaka mingi iliyopita.

Nilikuja kuyajua hayo wiki ya mwisho ya Juni. Mnaijua wiki hiyo. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa returns, na watu wetu huja maji yakishafika shingoni. Siku hiyo benchi langu lilikuwa na watu saba kabla ya saa tatu asubuhi. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa heshima, PIN yake ya KRA ameiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Nafungua ukurasa wa KRA, naona weupe mtupu. Naufungua upya, weupe uleule. Nikajaribu tovuti ya benki, yenyewe ikanieleza wazi kwamba brauza ninayotumia imepitwa na wakati, niisasishe kwanza.

Haya, nisasishe. Kwa Windows nilikuwa naingia kwenye menyu, Msaada, Kuhusu Firefox, yenyewe inajitafutia toleo jipya, unaifunga na kuifungua tena, kazi imekwisha. Nikaenda palepale. Ikaniandikia 87.0 na kunyamaza. Hakuna kitufe cha kusasisha, hakuna chochote. Nikaenda tovuti ya Mozilla, wanaotengeneza Firefox, nikapakua toleo jipya kwa data yangu mwenyewe, likaja faili linaloishia na tar.xz. Nalibofya, linafunguka kama gunia la mafaili, na ndani yake hamna hata moja linalosema "sakinisha".

Nikampigia muuzaji. Akasema, "Madam, fungua terminali uandike sudo apt update," akakata simu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia. Nimefungua hiyo terminali, lile dirisha la zambarau la kuandikia amri. Nimeandika alichosema, herufi kwa herufi. Likaniomba nenosiri. Naandika, hakitokei kitu. Si herufi, si nyota, si kitone. Kile kimstari kinachowaka na kuzima kimekaa palepale. Nabonyeza kwa nguvu zaidi, hakuna. Nikasema kibodi imekufa. Nikafungua programu ya kuchapia barua nijaribu, herufi zote zinatoka. Narudi kwenye zambarau, hakuna. Nikaenda hivyo, nikarudi, dakika ishirini nzima, watu saba nyuma yangu wakiutazama mgongo wangu. Nilipompigia tena kumweleza, alicheka. Kisha nikamsikia akiwasimulia wenzake dukani, nao wakacheka.

Kumbe ndivyo mfumo ulivyoundwa: ukiandika nenosiri kwenye terminali, hauonyeshi hata nyota, ili anayechungulia asijue lina herufi ngapi. Unaliandika gizani, unabonyeza Enter, linapokelewa. Hiyo ni sentensi moja. Angeniambia dukani, au hata kwenye simu, isingemgharimu kitu.

Nilipofaulu kuingiza nenosiri, mistari ikaporomoka, kila wa pili una 404, yaani kilichotafutwa hakikupatikana. Mwalimu akasimama polepole, akachukua kadi yake na fimbo. "Wacha nijaribu hapo ng'ambo, mama. Mungu akubariki." Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa sababu ya ile pesa.

Usiku nikauliza kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu wa kompyuta. Wa kwanza akaniambia nisome maelekezo. Wa pili akanishangaa kwa nini nafanya biashara ya kompyuta kama sijui kompyuta. Wa tatu akanitumia amri fupi inayoanza na sudo rm, akasema "weka hiyo, itasafisha kila kitu." Nilikuwa nimeshainakili. Kilichoniokoa ni mtoto wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa amekuja kuchaji simu, akaniwahi: "Auntie, usibonyeze! Hiyo inafuta mafaili." Kulikuwa na stakabadhi za wateja mle ndani. Vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Wewe uliyeituma, kama uko hapa, ujue ulikuwa unamfanyia hivyo mtu aliyekuomba msaada usiku wa manane akiwa na kazi za watu mkononi.

Yule mwanafunzi ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa chini ya robo saa. Mfumo wangu ni Ubuntu 21.04, aina mojawapo ya Linux, unaowekwa badala ya Windows. Hiyo namba ni mwaka na mwezi: Aprili 2021. Ubuntu hutoka kila miezi sita, na haya matoleo ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu. Hili langu lilifungwa, yaani liliacha kupata masasisho, Januari 2022. Yapo mengine yenye herufi LTS, yaani ya kuhudumiwa muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka miwili, nayo huhudumiwa miaka mitano. Muuzaji alikuwa na flashi yake ya zamani, akawa anawapakia watu kilichokuwemo bila hata kuangalia tarehe.

Na Firefox je? Kwenye toleo langu, brauza haijisasishi yenyewe kama kule Windows. Inaletwa na mfumo, kutoka kwenye ghala la mfumo, yaani hifadhi ya mtandaoni yenye programu zake, ndiyo maana sikuona kitufe. Ghala likifungwa, brauza inagandia pale ilipokuwa. Mafaili ya toleo lililofungwa huhamishiwa anwani nyingine, ndipo zile 404 zinapotokea. Ningeandika ile amri ya muuzaji mara mia, ingekuwa kazi bure. Tena amri yenyewe alinipa nusu: apt update inasoma orodha tu ya vilivyo ghalani, kinachosakinisha vipya ni apt upgrade.

Hata kizuia matangazo alichoniwekea kwa mbwembwe kilikuwa kimezimika siku nyingi. Kuna cheti cha kidijitali ndani ya Firefox, cha kuthibitisha nyongeza kama hicho kizuizi, kilichokwisha muda tarehe 14 Machi 2025, na Mozilla walitangaza mapema kwamba brauza za kawaida zilizo chini ya toleo la 128 nyongeza zake zitakwama. Sasa mimi mwenye 87 ningepona wapi?

Mwanafunzi alinihifadhia mafaili yangu, akaja na flashi yenye Ubuntu 24.04, karibu GB 6, akaiweka jioni moja. Hiyo itahudumiwa hadi 2029. Firefox yake ni ya snapu, yaani kifurushi kinachojisasisha chenyewe, kinaangalia kama kuna toleo jipya mara nne kwa siku. Ikinitokea arifa kwamba kuna toleo linasubiri, naifunga brauza na kuiacha imalize. Tovuti zote zinafunguka. Mfumo wenyewe sina neno nao, ni mwepesi na mashine haipati joto kama zamani.

Neno langu ni kwa mnaouza. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na hizi mashine za mtumba nyingi hazina sifa za Windows 11. Najua basi kwamba mtaendelea kuweka Linux, na si vibaya. Lakini ukimuuzia mtu, mwambie jina la mfumo. Mwekee LTS ambayo bado inahudumiwa. Mwandikie kwenye karatasi namna ya kusasisha, na kwamba nenosiri halionekani likiandikwa. Dakika kumi. Mtu amekupa elfu kumi na nane, unashindwa kumpa dakika kumi?

Mliokwisha kununua, fungueni Mipangilio, shukeni hadi Kuhusu (kwenye 24.04 imo ndani ya Mfumo), mtazame namba. Ikiwa 22.04 au 24.04 mko salama kwa sasa. Ikiwa 21.04, 21.10, 23.04 au 23.10, msipoteze data kusasisha brauza. Hifadhini mafaili yenu kwanza, kisha tafuteni mtu awawekee mfumo mpya.

Risiti ninayo, na ujumbe wa M-Pesa sijaufuta. Jumatatu napanda matatu ya kwanza kwenda dukani kwake. Nataka anirudishie gharama ya kuweka mfumo mpya nimlipe yule mwanafunzi, kwa sababu alikataa kuchukua hata mia. Na mwalimu nimempata, nimemjazia ile return bila malipo siku moja kabla ya mwisho. Atakachosema muuzaji nitakiandika hapahapa.