Nimeletewa fomu ya madai na mwenye nyumba wangu wa zamani (Uingereza). Nianzie wapi?

BintiPangani
Wakuu, habari za jioni. Naishi Leicester. Mwaka jana nilihama nyumba niliyokuwa nimepanga, na mimi na mwenye nyumba hatukuachana vizuri. Wiki hii imekuja bahasha nene kutoka mahakama ya kaunti. Anadai pauni 2,340: kodi ya mwezi mmoja ambayo nina uhakika nililipa, pamoja na bei ya zulia jipya la sebuleni. Amana yangu ya pauni 950 hajarudisha, na kwenye karatasi zake hakuitaja kabisa.

Ndani kuna maelezo ya madai na fomu za kujibu: kukubali, kupinga, au kudai na mimi. Je, hii ni kesi ya kufungwa? Kibali changu cha kuishi kitaguswa? Na lazima niweke wakili? Nimempigia mmoja, bei aliyonitajia inakaribia deni lenyewe.

NdegeMweupe
Usijibu kitu. Andika juu ya bahasha "hayupo hapa", rudisha posta. Bila sahihi yako watathibitishaje kwamba umepokea? Kuna jamaa alifanya hivyo na mpaka leo anadunda.

MzeeWaReading
BintiPangani, ushauri wa hapo juu upite kama upepo. Kwa Uingereza na Wales sahihi yako haihitajiki. Karatasi zikitumwa kwa njia inayokubalika kwenye anwani yako, kanuni zenyewe ndizo zinazosema zimekufikia siku gani. Madai yaliyofunguliwa mtandaoni huhesabiwa yamekufikia siku ya 5 baada ya tarehe ya kutolewa iliyopigwa kwenye fomu. Kwa hiyo angalia tarehe hiyo leo, kabla ya kusoma mengine. Siku uliyofungua bahasha haina uzito.

Kuanzia hapo una siku 14 za kujibu. Hazikutoshi? Jaza hati ya kukiri kupokea madai, muda unakuwa siku 28 kwa jumla. Kukiri kupokea si kukubali deni, watu wengi huogopa kuijaza kwa sababu hiyo.

Siku zikipita kimya, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja. Huyo jamaa wa NdegeMweupe huenda anayo na hajui. Kwa deni la kiasi kinachojulikana kama hili, karani huiingiza bila jaji kusikia neno la mtu. Hiyo ndiyo CCJ (hukumu ya mahakama ya kaunti) wanayoiogopa watu: inakaa kwenye rejista ya hukumu miaka 6, na mikopo, mkataba wa simu, hata nyumba ya kupanga vinakuwa shida. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja inafutwa. Unaweza pia kuomba itenguliwe, ila kuna ada, na jaji atataka kujua kama una utetezi wa maana na kama uliharakisha kuomba.

Kuhusu jela: hapana. Wewe ni mdaiwa, hujashtakiwa kwa jinai. Kibali sitabahatisha, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Wakili si lazima. Madai ya fedha yasiyozidi pauni 10,000 kwa kawaida hupelekwa njia ya madai madogo, na huko hata ukishinda, gharama za wakili hulipwi na mwenzako isipokuwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana wengi hujisimamia. Kanuni za mashauri ya madai zilizoanza Aprili 1999, zile zilizotokana na kazi ya jaji Lord Woolf, zililenga hasa kurahisisha mambo kwa mtu wa kawaida. Zimefanikiwa nusu, kama unavyoona ukitazama hizo fomu!

Fundi_wa_Hoja
Naongezea kwenye utetezi, maana hapo ndipo watu wanapoharibu. Kuandika "nakataa yote, ni mwongo" hakutoshi. Chukua maelezo yake ya madai, pitia aya moja moja. Kila jambo analodai, sema mojawapo: nakubali, nakataa, na sababu yangu ni hii, au sijui, athibitishe yeye. Jambo ambalo hukuligusa kabisa, mahakama inaweza kulihesabu kuwa umelikubali.

Kwenye kodi: "Nakataa. Nililipa kwa benki tarehe fulani," kisha taja taarifa ya benki. Kwenye zulia: lilikuwa na umri gani ulipoingia? Kuchakaa kwa matumizi ya kawaida hakulipwi na mpangaji, na mwenye nyumba hawezi kupewa zulia jipya badala ya lile kuukuu. Je, mlisaini orodha ya vitu na hali yake siku ya kuingia? Kama hakuna, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kipimo ni kwamba hadithi yake iwe na uwezekano mkubwa zaidi kuliko yako, hata kwa kidogo. Si kama kwenye jinai.

Mwishoni utasaini tamko la ukweli. Usisaini usichokiamini: kusema uongo pale kunaweza kukuletea kesi ya kudharau mahakama, na hiyo ndiyo inayoweza kumpeleka mtu jela.

Mkunazini
Dada yangu, mie nashangaa hakuna aliyegusa ile amana. Uliza kwanza: aliiweka kwenye mpango rasmi wa kulinda amana? Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004 mwenye nyumba ana siku 30 za kuilinda na kukupa taarifa zake. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara 1 na mara 3 ya amana. Kwako ni pauni 950 mpaka 2,850, mbali na amana yenyewe. Kumbe yeye ndiye angepaswa kuwa na wasiwasi!

Ila hii ni kwa mpangaji wa kawaida. Kama mlikaa nyumba moja naye ukiwa na chumba tu, kinga hiyo huna. Ikikuhusu, weka madai kinzani (yaani madai yako dhidi yake) katika fomu ileile ya utetezi. Yana ada yake, na wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha. Kabla ya kuituma waone Citizens Advice au Shelter, mashirika ya kutoa ushauri, hawatozi.

Otis_wa_Kisumu
Kumbe huko pia wako na mahakama ya madai madogo. Hapa Kenya mwisho ni shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Huko inachukua muda gani?

MzeeWaReading
Miezi mingi, ndugu yangu. Lakini kabla ya jaji kuna usuluhishi wa simu wa saa moja, bure, na tangu Mei 2024 ni lazima kwa madai ya fedha ya namna hii. Msuluhishi anazungumza na kila upande peke yake, hutasikia sauti ya mwenye nyumba. Yanayosemwa humo hayafikishwi kwa jaji. Usikose simu hiyo, unaweza kuadhibiwa.

BintiPangani
Asanteni sana wote. Nimeshajaza hati ya kukiri kupokea. Amana haikulindwa, nimetafuta kwenye mipango yote 3, haipo. Na hatukuishi naye. Swali moja: niliyekuwa nakaa naye, aliyeliona zulia tangu mwanzo, amerudi Dodoma. Anaweza kunisaidia?

Fundi_wa_Hoja
Aandike maelezo ya shahidi: jina lake, alichokiona mwenyewe, tarehe, tamko la ukweli, sahihi. Kama ana picha za zulia aziambatishe. Jaji atayasoma, ila kwa kuwa hayupo kuhojiwa yanaweza kupewa uzito mdogo. Kumhoji kwa video akiwa Tanzania ni jambo la kuomba mapema, kwani nchi alipo shahidi nayo inabidi iwe imeruhusu. Anza na picha.