Mashairi ya Thailand ya kusifu wafalme, ni sanaa kweli au ni sifa tu?

BintiMkunazini:
Assalaam alaykum wapenzi wa tungo. Nnasoma fasihi hapa Unguja, tumepewa mada ya mashairi ya Thailand ya kusifu wafalme, mie kila nkisoma naona sifa juu ya sifa mpaka nnachoka. Hivi mna sanaa humu au mtunzi alikuwa anatafuta riziki yake tu?

MzeeWete:
Waalaykum salaam mwanangu, usiwahukumu mapema. Chukua Yuan Phai, utungo wa karne ya 15 wa kumsifu mfalme Trailokanat wa Ayutthaya, dola ya zamani ya Thailand, alotawala 1448 mpaka 1488. Mwanzo kweli mzito, miungu ya Kihindu kina Brahma, Vishnu na Shiva wamekusanyika kumuumba yeye, lakini ukivuka hapo unaingia vita vyake na Lanna, dola ya Chiang Mai, na yule bwana mkubwa alomgeuka mfalme akahamia kwa adui. Tena Ayutthaya jeshi la Burma liliichoma 1767, maandishi chungu nzima yakapotea, kwa hivo leo wanahistoria wanaushikilia huo utungo kwa mikono miwili.

Mwanamizani:
Kwenye sanaa mie nakataa kabisa hiyo ya riziki. Sisi tumezowea mizani 8 kwa 8 na vina, basi. Kithai ni lugha ya toni, sauti ikipanda au ikishuka neno linakuwa jengine, sasa ubeti wa khlong si suphap una mishororo 4, mizani 30, na juu ya vina kuna nafasi 7 lazima likae neno lenye alama ya toni ya mai ek na 4 lenye alama ya toni ya mai tho, ukikosea ubeti umeharibika. Taleng Phai ina beti za namna hiyo, kaitunga mwanamfalme alokuwa mtawa, Paramanuchit, karne ya 19, kumsifu mfalme Naresuan wa Ayutthaya alopigana juu ya tembo na mrithi wa ufalme wa Burma mwaka 1593. Wewe jaribu ubeti mmoja tu uone.

NahodhaMkoani:
Dada angu, tafuta kap he ruea, nyimbo za mashua za kifalme. Mmoja anaghani, wapiga makasia wanapokea, kama tunavoitikiana huku kwetu chomboni. Maarufu zaidi katunga Thammathibet, mtoto wa mfalme Borommakot, anaanza kumsifu mfalme na mashua zake halafu anahamia kwenye samaki, maua, ndege na mapenzi. Mizani 11, 5 kisha 6. Disemba 2019 mashua 52 zilipita mto Chao Phraya watu wanaghani vilevile, mie niliangalia video nkatokwa na machozi.

BintiMkunazini:
Ahsanteni sana wallahi. Ntaanza na hizo za mashua, nkiwa na sauti masikioni khlong ntaifata baadae.